Una Kisukari? Hivi Ndivyo Unavyoweza Kulinda Mfupa wa Taya Lako

Mtu mwenye kisukari akiambiwa achunge macho, figo na miguu, anaelewa. Amesikia habari za vidonda visivyopona, amemwona jirani aliyekatwa mguu. Kinywa hakitajwi. Kisha siku moja jino la mbele la chini linaanza kucheza, mwenyewe anasema "umri huo", analing'oa, na baada ya miezi michache la pembeni yake nalo linaanza. Mara nyingi jino lenyewe halina hata tundu. Kilichopungua ni mfupa ulioshika mzizi wake, na mfupa huo unaweza kulindwa ukiwahiwa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuuwahi.

Kwanza elewa kinachotokea ndani ya mfupa

Mfupa ni kiungo kilicho hai. Kila siku kuna seli zinazobomoa sehemu zilizochakaa na seli nyingine zinazojenga upya palipobomolewa. Kwa mtu mzima mwenye afya kazi hizo mbili hulingana. Insulini ni mojawapo ya homoni zinazozipa nguvu seli za ujenzi. Ndiyo maana kwenye kisukari cha aina ya 1, ambacho mwili hautengenezi insulini na mara nyingi huanza utotoni au ujanani, mifupa huwa na madini machache na huvunjika kirahisi.

Aina ya 2 inachanganya watu. Ukipima wingi wa madini, mifupa inaonekana mizuri, pengine kuliko ya mtu asiye na kisukari. Hata hivyo huvunjika zaidi, hasa nyonga. Fikiria nyumba ya fito na udongo. Udongo ni kalisi na madini mengine. Fito ni nyuzi za kolajeni zinazoupa mfupa uwezo wa kupinda kidogo bila kukatika. Sukari ikikaa juu kwa miaka, hujibandika kwenye nyuzi hizo zikakakamaa. Udongo upo wa kutosha, lakini fito zimekauka. Juu ya hilo ukarabati wenyewe hupungua kasi, kwa hiyo nyufa ndogondogo hazizibwi kwa wakati. Changanya na macho yasiyoona vizuri, ganzi miguuni na sukari inayoshuka ghafla mtu akaanguka, utaelewa kwa nini wazee wetu wenye kisukari huvunjika nyonga kwa kuteleza tu bafuni.

Taya lina jambo lake la ziada. Ule ukingo wa mfupa unaoshika mizizi ya meno hubomolewa na kujengwa upya kwa kasi kuliko mifupa mingi, kwa kuwa unasukumwa kila unapotafuna. Tena uko milimita chache tu kutoka kwa bakteria wa kinywani. Utando wa bakteria ukiachwa kwenye mpaka wa jino na fizi, fizi huvimba. Kwa mtu ambaye sukari yake iko juu, uvimbe huo hupitiliza: mwili humwaga kemikali za kujihami kuliko zinavyohitajika, na kemikali hizo huziamsha seli zinazobomoa mfupa. Wakati huohuo seli za ujenzi zimedhoofika. Basi mfupa unaliwa kuanzia ukingoni kwenda chini, taratibu, na kwa kawaida bila maumivu. Hapo pa "bila maumivu" ndipo watu wengi wanapopotezea meno, maana tumezoea kwenda kwa daktari wa meno tukiumwa tu.

Mwaka 1993 mtafiti Harald Löe, mzaliwa wa Norway aliyeongoza taasisi ya taifa ya utafiti wa meno ya Marekani, aliandika kwamba ugonjwa wa fizi unaofika kwenye mfupa uhesabiwe kuwa madhara ya sita ya kisukari, baada ya yale ya macho, figo, mishipa ya fahamu, mishipa mikubwa ya damu na vidonda kuchelewa kupona. Mtu mwenye kisukari yuko kwenye hatari ya kuupata takriban mara 3 kuliko asiye nacho. Nao ukishaingia, hurudisha madhara: uvimbe sugu kinywani hufanya insulini isifanye kazi yake vizuri, sukari ikapanda zaidi.

Hatua ya 1: Jua sukari yako imekaaje kwa miezi 3

Kipimo cha kidoleni kinakuambia sukari ya saa ile. Mfupa hauharibiwi na sukari ya saa moja. Omba kipimo cha HbA1c, ambacho wengi hukiita sukari ya miezi 3. Kwa watu wazima wengi lengo ni chini ya asilimia 7. Kwa mzee ambaye sukari yake hushuka ovyo, daktari anaweza kuweka lengo la juu kidogo, naye ana sababu. Andika tarehe na jibu kwenye daftari lako la kliniki. Karatasi hiyohiyo utaihitaji kwa daktari wa meno.

Kama hujawahi kuambiwa una kisukari lakini fizi zinavuja damu kila mara, majipu ya meno yanajirudia, au kinywa kinakauka na unakunywa maji bila kutosheka, kapime. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 24 katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara wanaishi na kisukari, na zaidi ya nusu yao hawajui. Sukari ya kuamka nayo, kabla hujala chochote, ikifika 7.0 mmol/L kwenye mashine, rudi hospitali upimwe tena rasmi.

Hatua ya 2: Jikague mbele ya kioo

Fanya hivi asubuhi kabla ya kupiga mswaki, mara moja kila mwezi. Simama mbele ya kioo, washa tochi ya simu, vuta mdomo wa chini. Tazama kile kipembe kidogo cha fizi kinachoingia katikati ya jino na jino. Kikiwa kizima kimechongoka na kimekaza. Kikiugua hutuna, ncha yake inakuwa butu, na fizi inang'aa kama imepakwa mafuta.

Ushauri wa kila mahali ni "angalia wekundu". Wengi wetu tuna fizi zenye weusi wa asili, kwa hiyo wekundu hauonekani vizuri, na mtu anaweza kujitazama akaona yuko salama. Kwako wewe angalia zaidi umbo, kung'aa na damu. Kisha bonyeza fizi kwa kidole kisafi kuelekea kwenye jino: je, kunatoka usaha au maji yenye harufu? Sukuma jino moja moja kwa ncha ya kidole na ulinganishe na wenzake. Chunguza pia kama meno yanaonekana marefu kuliko zamani, kama kuna mwanya mpya mbele ambao hukuwa nao, na kama meno bandia yaliyokuwa yanakaa vizuri sasa yanacheza. Huo mwanya mpya usiufurahie, hata kama kwetu mwanya ni urembo. Mwanya wa kuzaliwa nao ni jambo jingine. Unaojitokeza ukubwani ni meno yanayohama kwa kukosa mfupa.

Mvutaji wa sigara asitegemee damu kama dalili. Tumbaku hubana mishipa midogo ya fizi, zikaacha kuvuja damu huku mfupa unaendelea kuliwa.

Kwa mzee asiyeona vizuri, afanyiwe na mtu wa nyumbani. "Bibi, naomba nikuangalie kinywani kidogo" haimvunjii mtu heshima, na wajukuu wana macho mazuri.

Hatua ya 3: Omba fizi zipimwe

Hii ndiyo hatua ninayoiona kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Ukienda kwa daktari wa meno ukasema tu "jino hili linanisumbua", katika kliniki yenye foleni ndefu litatazamwa jino hilo, pengine litang'olewa, na utarudi nyumbani. Sema hivi: "Daktari, mimi nina kisukari, HbA1c yangu ya mwisho ni hii hapa. Naomba unipime fizi zote nijue mfupa umefikia wapi."

Kipimo chenyewe ni rahisi. Daktari huchukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akakiteremsha polepole kati ya jino na fizi, sehemu kadhaa kuzunguka kila jino, huku akimtajia msaidizi: mbili, tatu, tatu, tano, sita. Sikiliza namba hizo. Kuanzia 1 hadi 3 ni hali ya kawaida. Zikifika 4 na kuendelea, kuna mfuko ambao mswaki hauufikii, na chini yake mfupa huenda umeanza kuondoka. Eksirei ndiyo itakayoonyesha umebaki kiasi gani. Omba uonyeshwe picha hiyo. Ukiona kwa macho yako ukingo wa mfupa ulivyoteremka, utapiga mswaki kwa bidii nyingine kabisa.

Tiba ya kwanza huwa ni kusafishwa kwa kina, yaani ugaga na utando wa bakteria huondolewa hata chini ya fizi, mara nyingi kwa ganzi na kwa mahudhurio zaidi ya moja. Faida yake haiishii kinywani. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba kutibu ugonjwa wa fizi kwa watu wenye kisukari kulishusha HbA1c kwa takriban asilimia 0.4 ndani ya miezi 3 hadi 4. Aliye na 8.2 anaweza kuelekea 7.8 kwa kusafishwa fizi tu, akiendelea na dawa zake zilezile.

Baada ya kusafishwa, watu wengi hulalamika: meno yamekuwa marefu, yanapata baridi, mengine yanacheza kuliko mwanzo. Hapo ndipo maneno ya mtaani kwamba "kusafisha kunalegeza meno" yanapotokea, na yamewazuia wengi kurudi. Ukweli ni kwamba uvimbe uliokuwa unaficha mzizi umeshuka, na ugaga uliokuwa umeyagandisha meno pamoja umeondoka. Ulegevu ulikuwepo tayari. Yape wiki chache. Fizi hukaza, na mengi ya meno yaliyokuwa yanacheza kidogo hutulia.

Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe, hilo uambiwe waziwazi. Lengo ni kuusimamisha hapo ulipo, kwa hiyo utahitaji kurudi kuangaliwa kila baada ya miezi 3 mwanzoni, kisha muda unaweza kurefushwa hali ikitulia.

Hatua ya 4: Kazi ya kila siku nyumbani

Piga mswaki mara 2 kwa siku, dakika 2 kila mara, kwa mswaki wenye nywele laini na dawa yenye floridi. Uelekeze mswaki kwenye mpaka wa fizi, uuinamishe kidogo nywele ziingie ukingoni, na utetemeshe taratibu. Kusugua kwa nguvu hakusaidii, kunaichana fizi. Katikati ya meno pitisha uzi, au brashi ndogo za katikati ya meno kama mianya ni mikubwa. Njiti ya kiberiti na pini ziache.

Anayetumia mswaki wa mti, kama wengi wa Pwani wanavyofanya, aendelee nao: utafune ncha mpaka iwe laini, uikate na kutengeneza mpya kila mara, na usisahau upande wa ndani, hasa nyuma ya meno ya chini ya mbele ambako ugaga hupenda kujijenga. Bado katikati ya meno panahitaji uzi. Mkaa, majivu na chumvi ya kusugulia hukwangua jino na kujeruhi fizi. Kwa anayefunga Ramadhani kwa idhini ya daktari wake, nyakati mbili muhimu ni baada ya daku na kabla ya kulala. Usilale na mabaki ya tambi na kaimati kinywani.

Fizi zikitoa damu siku za mwanzo, usiache kupiga mswaki. Zinatoa damu kwa sababu ya utando uliobaki, na damu hiyo hupungua utando ukiondolewa. Isipopungua baada ya wiki 2, nenda ukaonwe.

Kinywa kikavu kinahitaji maji ya mara kwa mara. Soda na juisi hazifai hata kidogo. Meno bandia yatolewe usiku, yasuguliwe na kuachwa kwenye maji safi, maana fangasi hupenda kinywa chenye sukari. Sigara, ugoro, na tambuu yenye tumbaku huharakisha kuliwa kwa mfupa na kuchelewesha kupona. Katika yote unayoweza kuacha kwa ajili ya taya lako, tumbaku iwe ya kwanza.

Hatua ya 5: Weka dawa zako mezani

Beba dawa zote ukienda kwa daktari wa meno, za kisukari na zisizo za kisukari, maana baadhi zinagusa mfupa au fizi moja kwa moja.

Pioglitazoni, dawa ya aina ya 2, imehusishwa na kuvunjika mifupa, hasa kwa wanawake; mwenye mifupa dhaifu amuulize daktari kama kuna mbadala. Dawa za presha za kundi la nifedipini na amlodipini, ambazo watu wengi wenye kisukari wanazo, zinaweza kukuza fizi zikafunika meno, na daktari akijua anaweza kubadilisha. Insulini na vidonge kama glibenklamaidi haviharibu mfupa, ila sukari ikishuka mno mtu huanguka.

Kuna kundi la kuangaliwa kwa makini kuliko yote: dawa za kuimarisha mifupa kama alendronati, asidi ya zoledroniki na denosumabu, wanazopewa baadhi ya kina mama waliokoma hedhi na wagonjwa wa saratani iliyofika kwenye mifupa. Mara chache, hasa kwa dozi kubwa za saratani, jino likishang'olewa mfupa wa taya hubaki wazi na kufa. Kisukari huongeza hatari hiyo. Anayetarajia kuanzishiwa dawa hizo akaguliwe meno kwanza, yanayohitaji kung'olewa yatolewe mapema. Ambaye ameshaanza amwambie daktari wa meno kabla hajashika koleo.

Hakuna dawa ya kuacha kwa uamuzi wako mwenyewe hapa.

Na dawa za duka la mtaani: diklofenaki na ibuprofeni zinapunguza maumivu ya jino, lakini zinaweza kuumiza figo ambazo kisukari kimeshazichosha. Anza na parasetamoli. Amoksisilini na metronidazoli za kununua nusu dozi hazimalizi jipu, huliahirisha tu.

Hatua ya 6: Jino likilazimika kung'olewa

Uliza kwanza kama linaweza kuokolewa. Ukingo wa taya hupungua sana jino likitoka. Upana wake unaweza kufika karibu nusu ndani ya mwaka mmoja, na meno bandia yatakosa pa kukaa. Likishindikana, omba miadi ya asubuhi. Kula chakula chako, tumia dawa zako kama kawaida, isipokuwa daktari akuelekeze vinginevyo. Watu wengi huenda kung'oa bila kula kwa hofu, huku wamemeza vidonge, sukari ikaporomoka kwenye kiti. Pima kabla hujaingia. Ikiwa chini ya 4 mmol/L, kunywa maji yenye vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari, subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa juu sana na jino si la dharura, kubali kuahirishiwa.

Ukimaliza, uma pamba kwa dakika 30 bila kuchungulia. Saa 24 za kwanza usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinyonye kwa mrija wala kuvuta sigara, kwa sababu lile donge la damu ndilo mwanzo wa mfupa mpya. Kesho yake anza kusukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Kula vyakula laini, uji usio na sukari, mtori, supu iliyopoa, na usiruke mlo kama umetumia insulini. Pima sukari mara nyingi kuliko kawaida kwa wiki hiyo. Fizi hufunga ndani ya wiki chache. Mfupa chini yake huchukua miezi, na kwa sukari isiyotulia huchukua zaidi. Maumivu yanayoongezeka siku ya tatu badala ya kupungua ni sababu ya kurudi.

Anayefikiria jino la kupandikizwa kwenye mfupa asikatishwe tamaa na kisukari. Kwa sukari iliyotulia na fizi zilizotibiwa hufanikiwa vizuri. Fizi zitibiwe kwanza, pesa zifuate.

Hatua ya 7: Lisha mifupa yote

Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na mtindi usio na sukari, ufuta, mboga za majani na maharage vinaleta kalisi na protini bila kupandisha sukari ovyo. Jua kwenye mikono na miguu huupa mwili vitamini D. Anayeshinda ndani au amejifunika muda wote aulizie kipimo. Tembea, panda ngazi, beba vitu, kwa sababu mfupa usiobebeshwa uzito hupungua.

Usisubiri asubuhi

Uvimbe chini ya taya au chini ya ulimi unaokua kwa saa, kushindwa kufungua mdomo, kushindwa kumeza mate, sauti kubadilika, homa, au pumzi kubana: hayo ni maambukizi yanayoshuka shingoni, na kwa mtu mwenye kisukari yanakwenda haraka. Usiweke barafu, usiende duka la dawa, usingoje kliniki ya meno ifunguliwe. Nenda kitengo cha dharura cha hospitali kubwa iliyo karibu usiku huohuo, na neno la kwanza kumwambia muuguzi mlangoni liwe kwamba mgonjwa ana kisukari.